Mchango wa SHA na marejesho ya PAYE: mwongozo kwa waajiri wadogo wa Lamu

Ukiwa na mtu mmoja tu unayemlipa mshahara hapa Lamu, awe mpishi wa nyumba ya wageni Shela, nahodha wa mashua, mwalimu wa chekechea au binti wa kuuza dukani Langoni, wewe ni mwajiri mbele ya sheria. Kila mwezi una kazi mbili zinazohusu afya ya mtu huyo. Ya kwanza ni kumkata mchango wa bima ya afya na kuupeleka kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Ya pili ni kuyaonyesha makato hayo kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, ndani ya marejesho (taarifa ya kila mwezi) ya kodi ya mshahara, yaani PAYE.

Wengi hufanya moja na kuiacha nyingine. Anayelipa SHA bila kujaza PAYE anajitafutia faini. Anayejaza PAYE bila kulipa SHA anamwacha mfanyakazi wake akiaibika kwenye dirisha la hospitali, na hili la pili ndilo linaloniuma zaidi. Mimi huweka hesabu za waajiri kadhaa wadogo hapa mjini, na naijua picha hiyo: mume amesimama dirishani, mke yuko ndani na uchungu, karani anatazama kompyuta na kusema, "Ndugu yangu, mchango wako hausomi." Mume anatoa karatasi ya mshahara mfukoni, na makato yameandikwa pale. Pesa zilitoka kwake kila mwezi. Zimekwama kwa bosi.

Kwa hiyo lishike hili kabla ya mengine yote: mchango wa SHA si gharama yako wewe mwajiri. Ni pesa ya mfanyakazi iliyopita mkononi mwako. Tofauti na NSSF, yaani mfuko wa akiba ya uzeeni, na ushuru wa nyumba, ambapo nawe unachangia sehemu yako, kwenye SHA mwajiri hachangii hata senti. Kazi yako ni kukata kwa usahihi na kufikisha kwa wakati.

Sheria inasemaje

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini Oktoba 2023, na SHA ikachukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Tangu siku hiyo mfanyakazi wa mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, yaani mshahara wote kabla ya makato, pamoja na marupurupu kama ya nyumba. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Juu hakuna kikomo. Zamani NHIF ilisimama kwenye shilingi 1,700 hata kama mtu analipwa mamilioni. Sasa anayepata 100,000 anakatwa 2,750.

Zingatia neno ghafi. Wako waajiri wanaopiga asilimia kwenye mshahara wa msingi peke yake kwa kudhani wanamsaidia mfanyakazi. Hawamsaidii, kwa sababu tarakimu ya SHA itagongana na ile iliyoandikwa kwa KRA, na siku ya ukaguzi atakayeulizwa ni mwajiri.

Mabadiliko mengine yalikuja tarehe 27 Desemba 2024 kupitia sheria ya marekebisho ya kodi. Kabla ya hapo, mchango wa afya ulimpa mfanyakazi nafuu ya asilimia 15 ya alichochanga, na nafuu hiyo ilitolewa kwenye kodi iliyokwisha kukokotolewa. Siku hizi mchango wote wa SHA hutolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kupigwa. Ushuru wa nyumba nao hivyo hivyo. Jedwali nyingi za mishahara ninazoziona kwenye kompyuta za nyumba za wageni bado ni zile za zamani, na nitaonyesha hapa chini zinamgharimu nani.

Kujisajili

Anza na KRA. Ingia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kwa namba ya PIN (namba ya mlipa kodi) ya biashara. Kama huna kampuni na umeajiri kwa jina lako, kwa mfano yaya au mlinzi wa nyumba, tumia PIN yako mwenyewe. Hakikisha wajibu wa PAYE umeongezwa kwenye PIN hiyo. Kama haupo, uongeze kupitia sehemu ya usajili. Ujue kwamba wajibu ukishaongezwa, marejesho yanatakiwa kila mwezi, hata mwezi ambao hujamlipa mtu.

Kisha jisajili SHA kama mwajiri, kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Andaa PIN ya KRA ya biashara, cheti cha usajili wa biashara, kitambulisho cha mwenye biashara, barua pepe na namba ya simu inayopatikana. Kuhusu barua pepe na simu nasisitiza sana: usiweke za kijana wa saiba aliyekusaidia. Akihama kwenda Mombasa, kila ujumbe wa kuthibitisha utaenda kwake na wewe utabaki nje ya akaunti yako. Neno la siri likae kwako pia.

Upande wa wafanyakazi, kila mmoja awe amesajiliwa SHA yeye binafsi. Anaweza kupiga *147# kwenye simu ya kawaida, au kuingia afyayangu.go.ke, au kwenda kituo cha afya asaidiwe. Usiishie kuuliza "umejisajili?" halafu ukaridhika na ndiyo. Mwombe akuonyeshe, kisha muulize kama ameongeza mke au mume na watoto, maana kusajiliwa kwake hakuwaingizi wao. Hapa kwetu wengi wameoa kwa nikaha na hawakuwahi kufuatilia cheti, na watoto wengine hawana vyeti vya kuzaliwa. Mpe mtu wako ruhusa ya siku moja akazitafute karatasi hizo angali mzima. Mgonjwa akishakuwa kitandani, kutafuta vyeti ni mateso.

Chukua pia namba ya PIN ya KRA ya kila mfanyakazi, hata anayelipwa kidogo. Bila PIN huwezi kumwingiza kwenye marejesho. Asiye nayo anaipata iTax kwa kitambulisho chake. Weka nakala ya kitambulisho na PIN kwenye faili moja, na uzinakili namba kutoka kwenye karatasi zenyewe, usitegemee kuambiwa kwa mdomo. Amu majina yanafanana mno. Unaweza kuwa na wafanyakazi wawili wenye majina matatu yaleyale, na kinachowatofautisha kwenye sistimu ni namba ya kitambulisho. Tarakimu moja ikikosewa, mchango unaelea au unaingia kwa mtu mwingine.

Hesabu yenyewe

Tumchukue mhudumu wa nyumba ya wageni anayelipwa shilingi 30,000 ghafi. NSSF kwa mshahara wa kiwango hiki ni asilimia 6, yaani 1,800. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 450. SHA ni asilimia 2.75, yaani 825. Jumla ya makato hayo matatu ni 3,075. Ukiitoa kwenye 30,000 unabaki na 26,925, na hicho ndicho kiasi kinachotozwa kodi.

Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, ambazo ni 2,400. Zinazobaki, 2,925, zinatozwa asilimia 25, ambazo ni 731.25. Jumla ni 3,131.25. Toa nafuu binafsi ya 2,400 ambayo kila mkazi anayo kwa mwezi, na kodi ya kulipa inakuwa 731.25. Mhudumu wako anapeleka nyumbani shilingi 26,193.75.

Ukitumia jedwali la zamani, mtu huyuhuyu utamkokotolea kodi kwenye 28,200, kisha umpe nafuu ya 123.75 kwa mchango wa afya na 67.50 kwa ushuru wa nyumba. Kodi inatoka 858.75. Umemkata shilingi 127.50 zaidi ya anazodaiwa. Kwa mwaka ni 1,530, na kwa mtu wa mshahara huo hizo ni unga, sukari na mafuta ya taa. Fungua jedwali lako leo. Ukiona safu ya nafuu ya asilimia 15 kwa ajili ya NHIF, ifute.

Anayelipwa 15,000 hana kodi ya kulipa, ila SHA anakatwa 412.50, NSSF 900 na ushuru wa nyumba 225. Kijana wa nusu siku unayemlipa 9,000 angekatwa 247.50 kwa asilimia, lakini kwa sababu ya kima cha chini anakatwa 300. Wote wawili wanaingia kwenye marejesho ya PAYE ingawa kodi yao ni sufuri. Waajiri wengi wanawaacha nje kwa kusema "huyu hafiki kodi". Marejesho yanataka kila uliyemlipa aonekane, alipe kodi asilipe.

Kulipa SHA

Ukishamaliza hesabu, ingia kwenye akaunti yako ya mwajiri SHA. Pakua kiolezo cha orodha kutoka kwenye mfumo wenyewe na ujaze hicho hicho, usichukue faili la NHIF na kulibadilisha kichwa. Jaza majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, PIN na kiasi. Pakia, soma kwa makini orodha ya makosa kama ipo, sahihisha, kisha toa bili ya mwezi. Bili hiyo unailipa benki au kwa M-Pesa kwa namba ya kumbukumbu iliyoandikwa juu yake.

Mwisho ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mishahara ya Juni, mchango wake ufike kabla tarehe 9 Julai haijapita. Lakini usingoje siku hiyo. Kuanzia tarehe 7 mifumo ya serikali huelemewa, na sisi wa visiwani tunao mzigo wa ziada wa mtandao unaokatika na umeme unaopotea. Kama huna kompyuta na huduma unazifuata bara, panga safari yako wiki ya kwanza ya mwezi. Mimi huwashauri wote ninaowahesabia walipe SHA siku ileile wanayolipa mishahara, kabla pesa hazijapata matumizi mengine. Anayesema "nitalipa mteja akilipa" anakopa kwenye mfuko wa mfanyakazi bila kumuuliza.

Ukishalipa, rudi kwenye akaunti baada ya siku mbili tatu na uthibitishe kwamba malipo yameingia na kila jina limepata mchango wake. Risiti ya benki inaonyesha tu kwamba pesa ziliondoka kwako. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kumwomba mfanyakazi mmoja apige *147# mbele yako atazame hali yake. Ikisoma, vizuri. Isiposoma, shughulika siku hiyohiyo ukiwa na namba ya malipo mkononi.

Kujaza PAYE

Hapa ndipo KRA wanapouona mchango. Kwenye iTax chagua marejesho ya PAYE na upakue fomu ya P10, ile ya karibuni kabisa, maana hubadilishwa kila sheria inapobadilika na fomu ya zamani hukataliwa. Inafunguka kwa Excel kwenye kompyuta. Kwenye simu utahangaika bure. Ruhusu makro, yaani programu ndogo zilizomo ndani ya fomu, zifanye kazi, la sivyo vitufe havitaitika.

Karatasi ya kwanza inataka PIN ya mwajiri na kipindi, yaani tarehe ya kwanza na ya mwisho ya mwezi. Karatasi ya wafanyakazi ndiyo yenye kazi. Kila mtu ana mstari wake: PIN, jina, kama ni mkazi wa Kenya, na kama wewe ndiye mwajiri wake mkuu. Swali hilo la mwisho si la kupita haraka. Nafuu binafsi ya 2,400 hutolewa na mwajiri mmoja tu. Kama mpishi wako ameajiriwa rasmi kwingine asubuhi na huko ndiko anakopata nafuu, kwako asiandikiwe tena.

Baada ya hapo unajaza mshahara wa msingi, marupurupu, kisha makato. Safu ya SHIF, ambayo ni hazina inayopokea michango ya SHA, ina mahali pake peke yake. Kwa mhudumu wetu unaandika 825. Mbele zaidi kuna safu ya nafuu ya bima, na macho ya wengi yanavutwa huko kwa sababu ya neno bima. Ile si ya SHA. Ni ya mfanyakazi aliyekata bima yake binafsi, ya afya au ya maisha, anayelipa kwa pesa zake. Huyo anapata nafuu ya asilimia 15 ya anacholipa, isiyozidi 5,000 kwa mwezi. Akilipa 2,000 kwa mwezi, nafuu yake ni 300, na kodi ya mhudumu wetu ingeshuka kutoka 731.25 hadi 431.25. Mwombe akuletee cheti cha bima kabla hujamwandikia.

Na kama wewe mwajiri ndiye unayewalipia wafanyakazi wako wa kudumu bima ya kampuni binafsi? Baadhi ya hoteli hufanya hivyo na ni jambo zuri. Malipo hayo hayahesabiwi kuwa mapato ya mfanyakazi, kwa hiyo usiyaongeze kwenye marupurupu yake yatozwe kodi. Wala hayaondoi wajibu wa SHA. Bima binafsi ni nyongeza, mchango wa SHA unaendelea palepale.

Ushuru wa nyumba una karatasi yake ndani ya fomu hiyohiyo. Hapo inaingia 450 ya mfanyakazi na 450 yako. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha kuhakiki. Makosa yakitokea fomu inakuonyesha kisanduku kilichokosewa, na mara nyingi ni PIN yenye herufi iliyosahaulika mwishoni au tarehe iliyoandikwa kwa mpangilio mwingine. Ikikubali, inatengeneza faili la zipu. Usilifungue wala kulibadilisha jina. Lipakie iTax kama lilivyo, kisha hifadhi risiti ya kupokelewa.

Sasa sajili malipo. PAYE ina namba yake ya malipo, na ushuru wa nyumba una yake. SHA na NSSF hazilipwi kupitia hapa, hata kama umeziandika kwenye fomu, kwa hiyo usidhani ukishalipa KRA umemaliza. Tarehe ya PAYE ni 9 pia. Ushuru wa nyumba una nafasi zaidi kidogo, siku ya tisa ya kazi, lakini kuutenganisha na mengine ni kujitafutia kusahau.

Kuchelewa kunauma. Marejesho ya PAYE yaliyochelewa yanatozwa asilimia 25 ya kodi inayodaiwa au shilingi 10,000, ile iliyo kubwa. Soma tena: hata kama kodi yako ya mwezi ni 731.25, faini ni 10,000. Kodi iliyochelewa kulipwa inaongezwa asilimia 5, pamoja na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Ukigundua kosa kwenye marejesho uliyokwisha kutuma, iTax inaruhusu kuyarekebisha. Yarekebishe mwenyewe kabla hujaitwa.

Masika yakiingia

Tatizo kubwa la huku kwetu halimo kwenye fomu. Mei na Juni wageni hupungua, nyumba nyingi za Shela hufungwa, na wafanyakazi hurudishwa makwao bila mshahara mpaka msimu urudi. Kwa KRA, miezi hiyo unajaza marejesho ya sufuri kabla ya tarehe 9. Ni kazi ya dakika chache, na wanaoisahau ndio wanaokuja Julai na faini za miezi miwili.

Kwa SHA jambo ni zito zaidi. Pasipo mshahara hakuna makato, na pasipo mchango bima ya mtu inasimama. Asiye na mshahara anaingia kwenye utaratibu wa wasioajiriwa, ambao hupimwa uwezo wa kaya na kutakiwa kuchanga kwa mwaka. Mweleze mfanyakazi wako jambo hili kabla hajaondoka, ana kwa ana, kwa lugha anayoielewa. Kama ana mke mjamzito au mzazi anayeishi kwa dawa za sukari, kaeni chini mtazame kama unaweza kumbakiza kwenye mshahara mdogo wa kulinda nyumba. Kwa mshahara wa 10,000 mchango ni shilingi 300. Nimewaona waajiri hapa wakifanya hivyo na sikuona aliyefilisika kwa sababu hiyo.

Vibarua nao wana mpaka wao. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja, si kibarua tena. Fundi anayekupakia chokaa siku nne ni mambo mengine. Yule anayekufagilia ua kila asubuhi tangu mwaka jana ni mwajiriwa wako, na anastahili makato na stakabadhi kama wenzake.

Karatasi za kuweka na P9

Weka bili za SHA, risiti za malipo, nakala za P10 na karatasi za mishahara kwa miaka 5, kama sheria ya kodi inavyotaka. Unyevu wa chumvi hapa unakula karatasi, kwa hiyo piga picha kila risiti uitume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Risiti za wino wa joto za benki hufutika kabla mwaka haujaisha.

Mwaka ukigeuka, kila uliyemlipa anastahili fomu ya P9. Inaonyesha mwezi kwa mwezi mshahara wake, NSSF, ushuru wa nyumba, SHIF, kiasi kilichotozwa kodi na kodi iliyokatwa. Bila fomu hiyo hawezi kujaza marejesho yake binafsi, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Kabla hujampa, linganisha safu ya SHIF na bili 12 za SHA ulizolipa. Zikitofautiana hata kwa mwezi mmoja, tafuta ni wapi, kwa sababu mfanyakazi naye anaweza kuitazama michango yake kwenye simu na kuona kilichopungua. Aliyeacha kazi Machi anaihitaji P9 ya miezi yake mitatu vilevile. Mtumie mapema, kabla hajabadilisha namba ya simu.